Kuweka programu ya video kwenye kompyuta za ofisi bila kuingiza jasusi

Swali la msomaji: Ofisi yetu ni SACCOS mjini Morogoro. Tuna kompyuta 9, sita za Windows 10 na tatu za Windows 11. Wafanyakazi wanafungua video za mafunzo zinazokuja kwa WhatsApp na kwa fleshi, sauti za mikutano, na rekodi za kamera za ulinzi. Kila mtu amejipakulia programu yake ya kuchezea video. Mwezi uliopita kompyuta ya mhasibu ilianza kutoa matangazo yenyewe, na ukurasa wa mwanzo wa kivinjari ukabadilika. Tuweke programu gani, na tuiwekeje ili tusiingize programu za kijasusi?

Jibu: Ndugu, tuanze na mashine ya mhasibu, maana hiyo haingoji. Kompyuta inayotoa matangazo bila kuagizwa ichukulieni kuwa kuna mtu mwingine anaisoma mpaka ithibitike vinginevyo. Itoeni kwenye mtandao leo hii: chomoeni waya, zimeni Wi-Fi. Nywila za benki, za barua pepe na za mfumo wa mikopo zibadilishwe, ila zibadilishiwe kwenye simu au kompyuta nyingine mnayoiamini. Ukibadilisha nywila kwenye mashine yenye jasusi, umemkabidhi ile mpya mkononi. Namna ya kuisafisha nimeiweka mwishoni, kwa sababu ukiisafisha kabla ya kuziba njia aliyopitia, atarudi wiki ijayo.

Sasa swali lenyewe. Wekeni programu moja tu kwenye kompyuta zote 9, nayo ni VLC. Ilianza mwaka 1996 kama kazi ya wanafunzi wa École Centrale Paris, na tangu 2001 inatolewa kwa leseni ya GPL. Maana yake ofisi inaitumia bure kihalali. Hilo si dogo, kwa sababu programu nyingi zinazojiita za bure ni bure kwa mtu binafsi nyumbani, na ofisi ikizitumia inakuwa imevunja masharti. VLC haina matangazo wala haidai mtu ajisajili. Inafungua MP4, MKV, AVI, MP3, sauti za WhatsApp zinazoishia na .opus, na pia zile video za simu mpya zilizobanwa kwa HEVC ambazo Windows yenyewe huzikataa mpaka ununue kiongezo.

Faida yake kubwa kiusalama ni kwamba kodeki zake zimo ndani. Kodeki ni kile kipande cha programu kinachofumbua video iliyobanwa. Mtego wa zamani kuliko yote katika fani hii ni ukurasa au video inayosema: "Huna kodeki ya kufungulia faili hili, bofya hapa upakue." Novemba 2011 FBI ya Marekani ilitangaza kuvunja genge lililokuwa limeambukiza kompyuta zaidi ya milioni 4 katika nchi takriban 100 kwa kirusi kiitwacho DNSChanger, na njia mojawapo ya kukieneza ilikuwa hiyohiyo, kodeki ya uongo kwa mtu anayetaka kutazama video. Kikishaingia kilibadilisha mpangilio wa DNS, yaani kitabu cha anwani ambacho kompyuta hukitazama kabla ya kwenda tovuti yoyote. Ukiandika anwani sahihi, unapelekwa kwingine. Kwa hiyo waambieni wafanyakazi sentensi moja, na muirudie: ofisi hii haihitaji kodeki. VLC ikishindwa kufungua faili, faili hilo limeharibika au ni la aina ya pekee. Mwombeni aliyelituma alitume tena likiwa MP4.

Hatari basi haimo sana kwenye programu yenyewe. Imo kwenye njia inayopitia mpaka ikufikie. Mtu akitafuta VLC kwenye Google, matokeo ya juu kabisa huenda yakawa tangazo la kulipia, na mwanzoni mwa 2023 kulikuwa na wimbi la matangazo ya namna hiyo yaliyopeleka watu kwenye kurasa bandia za VLC, OBS na programu nyingine za bure. Kurasa hizo zilifanana na za kweli kila kitu isipokuwa anwani. Tovuti kubwa za kukusanya programu nazo si kimbilio. Mwaka 2011 Download.com ilikutwa imeifunga programu ya Nmap ndani ya kisakinishi chake yenyewe, chenye vikorombwezo ambavyo waandishi wa Nmap hawakuviweka wala kuviruhusu. Kwa hiyo msitafute. Andikeni wenyewe videolan.org kwenye upau wa anwani. Faili la Windows lina ukubwa wa kati ya megabaiti 40 na 50, na jina lake huwa na namba ya toleo, mfano vlc-3.0.21-win64.exe. Faili la megabaiti 2 linalojiita VLC si VLC. Hilo ni dalali anayekwenda kuileta VLC akiwa ameongozana na wageni wake.

Mtu mmoja tu katika ofisi apewe kazi ya kupakua. Akishapakua, kabla ya kulifungua faili, afanye ukaguzi wa aina mbili.

Wa kwanza ni saini. Bofya faili kwa kitufe cha kulia, chagua "Properties", kisha "Digital Signatures". Jina linalotakiwa kuonekana ni VideoLAN. Kichupo hicho kikikosekana kabisa, au jina likiwa la kampuni usiyoijua, futa.

Wa pili ni hashi, ambayo ni namba ndefu inayokokotolewa kutoka kwenye faili zima. Ikibadilika herufi moja ndani ya faili, namba yote inageuka. Fungua Command Prompt, nenda kwenye folda lilipo faili, andika:

certutil -hashfile vlc-3.0.21-win64.exe SHA256

Itatoka mistari mitatu. Ule wa katikati una herufi na tarakimu 64 mfululizo, kuanzia 0 mpaka 9 na a mpaka f. Linganisha na ile iliyochapishwa kwenye ukurasa wa VideoLAN wa toleo hilohilo. Msilinganishe tarakimu nne za mwanzo mkaridhika. Nakilini zote mbili kwenye Notepad, moja juu ya nyingine, na tofauti itaonekana kwa macho.

Kuna sababu ya kusisitiza hashi. Kati ya tarehe 2 na 6 Mei 2017 wahalifu waliingia kwenye seva moja kati ya seva za kupakulia HandBrake, programu ya bure inayobadilisha aina za video, wakaweka toleo la Mac lililochakachuliwa lenye jasusi aitwaye Proton. Tovuti ilikuwa ile ya kweli na anwani ilikuwa sahihi. Aliyelinganisha hashi aligundua, na asiyelinganisha alitoa nywila yake mwenyewe pale programu ilipoiomba kwa kisingizio cha kuweka kodeki za ziada. Mtego uleule wa kodeki, safari hii ndani ya nyumba.

Hata hivyo, hashi na saini havimalizi kila kitu. Mwaka huohuo wa 2017 toleo 5.33 la CCleaner, programu ya kusafisha kompyuta, lilichafuliwa ndani ya kiwanda chake kabla ya kutiwa saini, likawafikia watu zaidi ya milioni 2 likiwa na saini halali. Kwa ajali ya namna hiyo kinga ni kupunguza madaraka ya akaunti, jambo ambalo naliona ndilo kubwa kuliko yote haya, nami nitalifikia sasa hivi.

Faili likishapita ukaguzi, liwekeni kwenye folda ya pamoja katika kompyuta moja, wengine wapewe haki ya kusoma tu bila kuandika. Mtaokoa bando pia, maana kulipakua mara 9 ni karibu megabaiti 400. Msilisambaze kwa fleshi inayozunguka mezani kwa kila mtu. Kisakinishi kikianza, Windows itauliza kama unaruhusu mabadiliko, na hapo lisomwe jina la mtoaji: VideoLAN. Kwenye orodha ya vipande ondoeni tiki kwenye vile vya vivinjari, "Web plugins". Vivinjari vya leo havivitumii, na kitu kisichotumika ni mlango usiolindwa. Vingine viacheni. Mwenye haraka anaweza kuiweka kimyakimya kwa amri hii, akiwa na haki za msimamizi:

vlc-3.0.21-win64.exe /L=1033 /S

VLC ikifunguka mara ya kwanza huleta dirisha dogo la faragha lenye mambo mawili: kutafuta taarifa za wimbo mtandaoni, na kuangalia matoleo mapya. La kwanza liondolewe tiki. Likiachwa, VLC inaweza kwenda mtandaoni kutafuta jina la albamu na picha ya jalada kwa faili la sauti ulilofungua, na rekodi ya kikao cha kamati ya mikopo haina sababu ya kutafutiwa jalada. Tofautisheni lakini. Programu inayokuuliza kwanza, ikakuonyesha pa kuzimia, haijafanya ujasusi. Mwaka 1999 mtafiti Richard Smith alibaini kwamba RealJukebox ilikuwa ikipeleka kwa kampuni yake taarifa za muziki anaousikiliza mtu pamoja na namba ya pekee ya mtu huyo, bila kumwambia. Huo ndio ujasusi, na ulitoka kwa kampuni kubwa yenye jina.

La pili, matoleo mapya, nashauri nalo lizimwe kwenye akaunti za wafanyakazi, lakini mtunza kompyuta aangalie mwenyewe kila mwezi na kuandika daftarini toleo na tarehe. Mfanyakazi akizoea kubofya "sasisha" kila linapotokea, siku moja atabofya lile bandia. Kusasisha kwenyewe msikuache. Video yenyewe inaweza kutengenezwa kwa makusudi ili ivunje programu inayoifungua. Toleo 3.0.7 la Juni 2019 lilirekebisha kasoro za usalama zaidi ya 30 kwa mkupuo mmoja, baada ya Umoja wa Ulaya kugharamia zawadi kwa wanaozifichua.

Sasa madaraka. Nina hakika karibu kamili kwamba wafanyakazi wenu wote wanaingia kwa akaunti za msimamizi, kwa sababu ndivyo kompyuta inavyotoka dukani na hakuna anayegusa. Maana yake ni kwamba chochote mfanyakazi anachokibofya kina uwezo wa kuzima antivairasi, kujipandikiza kwenye mfumo na kusoma mafaili ya kila mtu. Tengenezeni akaunti mpya moja ya msimamizi kwa kila kompyuta, yenye nywila anayoijua mtunza kompyuta na meneja. Ingieni nayo kwanza mhakikishe inafanya kazi. Ndipo mwende kwenye "Settings", "Accounts", "Other users", mshushe akaunti ya mfanyakazi iwe "Standard User". Mkishusha kabla ya kujaribu ile mpya mnaweza kujifungia nje.

Litakalotokea siku ya pili nalijua: programu ya zamani ya mikopo itagoma kufunguka. Sababu yake mara nyingi ni kwamba inaandika kumbukumbu ndani ya folda yake iliyoko "Program Files", mahali ambapo mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kuandika. Msikimbilie kurudisha usimamizi. Bofyeni folda ya programu hiyo kwa kitufe cha kulia, "Properties", "Security", mkalipatie kundi la "Users" haki ya "Modify" kwa folda hiyo moja. Si suluhisho safi, lakini ni tundu la sindano mkililinganisha na mlango mzima.

Akaunti ya kawaida pekee haitoshi. Zipo programu zinazojiweka ndani ya folda ya mtumiaji mwenyewe, AppData, ambako hazihitaji ruhusa ya msimamizi. Spotify, ambayo ni halali kabisa, hujiweka hivyo. Programu za matangazo nazo zinaipenda njia hiyo. Kwa hiyo fungueni "Windows Security", "App & browser control", kisha mipangilio ya "Reputation-based protection", muwashe "Potentially unwanted app blocking" pamoja na visanduku vyake vyote viwili. Kama Windows zenu ni Pro, wekeni AppLocker, kizuizi cha programu kilichomo ndani ya Windows, iruhusu programu zilizomo "Program Files" na "Windows" tu. Iacheni wiki moja katika hali ya kurekodi bila kuzuia, muone nani angezuiwa, ndipo muifunge. Huduma ya "Application Identity" lazima iwe imewashwa, la sivyo kanuni zenu zitakaa pale bila kazi na hakuna atakayewaambia.

Kuhusu fleshi na WhatsApp: Windows huficha herufi za mwisho za jina la faili, na hiyo ndiyo pazia ya wahalifu. Faili liitwalo mafunzo.mp4.exe litaonekana kuwa mafunzo.mp4, na picha ndogo ya video juu yake. Kwenye Windows 11 fungueni folda yoyote, "View", "Show", wekeni tiki kwenye "File name extensions". Kwenye Windows 10 tiki hiyo iko wazi ndani ya "View". Video haiishii na .exe, .scr, .bat, .js wala .lnk. Hiyo ya mwisho ndiyo ya fleshi: unafungua fleshi unakuta folda zako zote zimekuwa njia za mkato zenye mshale mdogo pembeni, kila moja kilobaiti 1 au 2. Usibofye hata moja. Mafaili yako mara nyingi bado yamo, yamefichwa tu. Fleshi ikiwa ni E, amri hii huyatoa mafichoni:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Baada ya hapo futa njia za mkato, pima fleshi yote kwa Defender, antivairasi ya Windows yenyewe, na itafuteni kompyuta iliyoitia kirusi, maana fleshi safi ikirudi huko itachafuka tena.

Rekodi za kamera zinastahili neno lake, kwa kuwa ndizo zinazowapeleka watu kwenye kurasa mbaya kuliko zote. Mashine ya kamera ya Dahua hutoa mafaili ya .dav, mtu anayabofya hayafunguki, anakwenda kutafuta kichezeo cha DAV na kupakua cha kwanza anachokiona. Dawa iko kwenye mashine ya kamera yenyewe: wakati wa kunakili rekodi kwenda kwenye fleshi, nyingi zina sehemu ya kuchagua aina ya faili, chagueni MP4 au AVI. Kama rekodi imeshatoka ikiwa .dav, nendeni VLC, "Tools", "Preferences", chini chagueni "All", kisha "Input / Codecs", "Demuxers", na kwenye "Demux module" wekeni "H264 video demuxer". Nyingi zitafunguka. Mkimaliza rudisheni ilivyokuwa, kwani video za kawaida zitagoma. Rekodi ikihitajika kama ushahidi, tumieni SmartPlayer ya Dahua kutoka tovuti ya Dahua yenyewe, na faili asili lisiguswe.

Programu au Windows zilizochakachuliwa ziondoeni zote. Dalili yake ni moja na haikosei: maelekezo yanayoanza na "kwanza zima antivairasi". Na hizo Windows 10 sita, usaidizi wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Zinazoweza kupanda kwenda Windows 11 zipandishwe. Zisizoweza zisiguse tena benki wala mfumo wa mikopo.

Turudi kwa mhasibu. Kwanza tazameni matangazo yanatokea wapi. Yakichomoza pembeni chini kulia yakiwa na jina la kivinjari, huenda ni ruhusa ya arifa aliyoibofya kwenye tovuti ya filamu au mpira. Andikeni chrome://settings/content/notifications, futeni tovuti zote msizozijua. Kisha chrome://extensions, ondoeni viongezo vyote ambavyo hakuna anayejua kazi yake. Kama ukurasa wa mwanzo umebadilika, kama ilivyo kwenu, kuna zaidi ya arifa. Pangeni orodha ya programu kwa tarehe ya kuwekwa na muangalie zilizoingia siku chache kabla ya tatizo. Pakueni kwenye kompyuta safi Autoruns ya Microsoft, inayoorodhesha vyote vinavyojiwasha, iendesheni kwenye mashine ya mhasibu, ficheni vya Microsoft, na mkague kila kinachojiwasha kutoka AppData au Temp bila saini. Angalieni pia mpangilio wa "Proxy", yaani kompyuta ya kati inayopitishiwa mtandao wenu, na wa DNS. Mwisho endesheni "Microsoft Defender Offline scan", inayowasha kompyuta upya na kupima kabla Windows haijaamka, kama dakika 15.

Ingekuwa kompyuta ya mapokezi ningeishia hapo. Kwa mashine inayogusa fedha za wanachama sitaridhika. Nakilini nyaraka tu, Excel, Word na PDF, pamoja na hifadhidata ya mikopo kwa njia ya kuhifadhi nakala ya mfumo wenyewe. Msibebe .exe hata moja. Tengenezeni fleshi ya Windows ya gigabaiti 8 kutoka tovuti ya Microsoft, futeni diski yote, wekeni upya, nyaraka zipimwe kabla ya kurudishwa. Nusu siku inatosha. Na kabla ya kufuta, pigeni picha za mlichokikuta na muandike tarehe, kwa sababu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamwajibisha anayekusanya taarifa za watu kuzilinda na kuiarifu Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi zinapovuja. Mkiona dalili kwamba orodha ya wanachama au akaunti zao ilifikiwa, mwenyekiti wa bodi aambiwe siku hiyohiyo, naye awe na maandishi hayo mkononi.